Shangazi, nikimbie na wenzangu wenye MS au nikimbie kivyangu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 33, naishi Uyole hapa Mbeya na mama yangu na mdogo wangu wa kiume. Nimekuwa nikisoma safu yako tangu nipo chuo, ila sikuwahi kudhani kuna siku nitakuandikia. Jambo hili limeninyima usingizi na nyumbani sina wa kumweleza lote.

Nina ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoitwa maltipo sklerosisi, MS kwa kifupi. Ulianza na jicho la kushoto: likawa linauma nikiligeuza, rangi nyekundu ikapauka, baadaye nikawa naona ukungu katikati. Nikapewa miwani. Jicho likarudi lenyewe. Halafu ganzi ikapanda kutoka nyayo hadi kiunoni, nikaambiwa ni mgongo, nikachomwa sindano za maumivu. Ndugu upande wa baba wakasema nimerogwa, tukaenda na huko. Nilizungushwa sana mpaka nilipofika Dar es Salaam, nikapigwa picha ya MRI ya ubongo na uti wa mgongo, wakatoa maji ya mgongo wakayapima, ndipo ugonjwa ukajulikana. Sasa nawekewa dripu ya dawa iitwayo rituximab kila baada ya miezi sita na namshukuru Mungu hali imetulia. Kilichobaki ni uchovu ambao hata nikilala hauishi, ganzi ya vidole, na mguu wa kushoto ambao nikichoka unaanza kuburuza.

Zamani nilikuwa mkimbiaji. Nilikimbia mita 1500 kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nikiwa na jezi ya mkoa. Ndiyo maana kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wenye MS lilipotoka wazo la kukimbia pamoja, nilikuwa wa kwanza kusema twendeni. Tupo mimi, kaka mmoja wa Iringa, binti wa Njombe, mama wa Tunduma na dada wa Dar es Salaam. Tumekubaliana kilomita 5 za Tulia Marathon, hapa hapa Mbeya, na fulana zimeshachorwa: mgongoni zitaandikwa "Tunaishi na MS".

Tulikutana Iringa kupanga. Ilikuwa mara ya kwanza kuonana ana kwa ana. Yule kaka anatembea na fimbo, na alipoinuka kunisalimia alishika meza kwanza. Amenizidi miaka minne tu. Nilimpa mkono natabasamu, lakini kwenye basi la kurudi nililia kuanzia Mafinga mpaka Makambako. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitaka kujiandikisha kilomita 10 badala ya 5. Najiambia ni kwa sababu nilikuwa mkimbiaji na sitaki kutembeatembea kama mtu wa kuonewa huruma. Mazoezini nafika kilomita 4, mguu unaanza kuburuza kwenye ya tatu, ila naamini nitaongeza. Wenzangu sijawaambia.

Mama naye amekataa kabisa. Kuna siku nilichelewa kutoka, nikarudi na jua la saa nne, lile jicho likafifia kama zamani. Nikakaa kwenye ngazi. Mama alipiga yowe majirani wakajaa uani. Baada ya kama nusu saa jicho likarudi, lakini mama alichukua raba zangu akazificha. Anasema mgonjwa hakimbii, na kwamba nikiyumba mbele za watu watasema mwalimu amelewa.

Na kazini hawajui. Mkuu wa shule anajua nina "tatizo la mgongo". Nikivaa fulana ile, itakuwaje?

Nisaidie Shangazi.

Mwalimu wa Uyole

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuzungushwa kote huko, na pole kwa safari ile ya basi.

Nianze na hofu ya mama yako, maana naona na wewe imekuingia. Mama alimwona mwanawe jicho likifa baada ya mbio, akahitimisha kwamba mbio ndizo zinazoliua jicho. Waliosoma kuliko mimi na yeye walidhani hivyo hivyo. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika habari za wagonjwa wa MS ambao macho yao yalififia baada ya kujichosha, naye akaona kwamba kinachowasumbua ni zoezi lenyewe. Ilichukua miaka mingi kufahamika kwamba chanzo ni joto la mwili. Mshipa wa fahamu una ganda liitwalo mayelini, linaloufaa kama vile plastiki inavyoufaa waya wa umeme. Katika MS kinga ya mwili inalishambulia ganda hilo kwenye ubongo, uti wa mgongo na mshipa wa jicho, na pale lilipobanduka ujumbe unapita kwa shida. Mwili ukipanda joto hata kwa nusu nyuzijoto tu, mahali pale panaweza kushindwa kupitisha kabisa. Ukipoa, ujumbe unapita tena. Kwa jinsi ulivyoeleza, ndicho kilichotokea siku ile kwenye ngazi, na ndiyo maana jicho lilirudi bila dawa yoyote.

Mwambie mama hivyo, kwa maneno yako. Mwambie pia kwamba kwa miongo mingi wagonjwa wa MS walishauriwa kukaa na kupumzika wasije wakaamsha ugonjwa, na kwamba ushauri huo umeachwa. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, wakiongozwa na Jack Petajan, walichapisha kazi yao na watu 54 wenye MS. Kundi moja lilifanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wiki 15, lingine halikufanya. Waliofanya walipata pumzi, nguvu ya mikono na miguu, na moyo wao ulichangamka. Tafiti zilizofuata hazikuona kwamba mazoezi yanaleta mashambulizi mapya ya ugonjwa. Siku hizi wataalamu wa MS wanawashauri wagonjwa wao wafikie walau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, kila mtu kwa kadiri mwili wake unavyoruhusu. Wewe mwenye uchovu usioisha kwa kulala ndiye hasa unayehitaji hilo, ingawa najua ukiwa umechoka hivyo neno "mazoezi" linakera.

Kwa hiyo kimbia. Lakini mwone daktari anayekuwekea dripu, umweleze kilomita, tarehe na lile la jicho, na umwombe akuelekeze kwa mtaalamu wa fiziotherapia autazame huo mguu ukiwa umechoka, si ukiwa umeamka nao asubuhi. Na ushike tofauti hii kichwani: dalili ya zamani inayorudi ukiwa na joto na kuondoka ukipoa haihitaji yowe. Dalili mpya, au ya zamani iliyorudi na kudumu zaidi ya saa 24 wakati huna homa wala maambukizi, hiyo unampigia daktari siku hiyo hiyo. Na ukiwa na mafua makali, homa, au mkojo unaochoma, hukimbii, hata kama namba ya kifuani umeshaichukua. Dawa yako inapunguza kinga, kwa hiyo maambukizi usiyachukulie kama anavyoyachukulia mtu mwingine.

Kwa upande wa joto, Mungu amekupa mji mzuri. Wenzako wa Pwani wanapigana na jua ambalo wewe huku, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, unalikwepa kwa kuamka tu. Kosa la siku ile lilikuwa saa nne. Toka saa moja asubuhi, pakiwa pamekucha. Usitoke gizani, kwa sababu mguu unaoburuza hauoni shimo, na usikimbie kando ya barabara kuu pale Uyole na malori yale yanayokwenda Tunduma na Kasumulu. Uwanja wa shule unatosha. Baridi ya asubuhi nayo ina lake: watu wengi wenye MS misuli inakakamaa kwenye ubaridi, kwa hiyo tembea kwanza dakika kumi, kumi na tano, ndipo uanze kukimbia. Kimbia dakika mbili, tembea moja. Ulisema mguu unaanza kuburuza kwenye kilomita ya tatu. Basi anza kutembea kabla ya hapo, usisubiri ujikwae ndipo ukumbuke. Siku baada ya mazoezi pumzika. Ulipokuwa kwenye UMISSETA, kujikaza mpaka mwisho ndiko kulikokupa jezi ya mkoa. Kwa mwili ulio nao sasa, kujikaza hivyo kutakukalisha kitandani siku mbili na kipindi cha Jumatatu kitakushinda.

Siku ya mbio, kunywa maji. Nalisema wazi kwa sababu wanawake wengi wenye MS wanajinyima maji wakiogopa mkojo wa ghafla, kisha wanaishia kupata maambukizi ya kibofu au kuishiwa nguvu njiani. Kunywa, na ujue vyoo viko wapi kabla hujasimama kwenye mstari. Mbio fupi mara nyingi huanza baada ya ndefu, kwa hiyo uliza saa kamili, na mpaka muitwe mkae kivulini. Maji baridi kichwani na shingoni kabla ya kuanza yanasaidia kuliko ukiyamwaga baada ya kuchemka. Dada wa Dar es Salaam afike siku mbili tatu kabla, maana hewa ya huku ni nyepesi na kuna vilima. Atahema kwenye mwinuko ambao wewe huuoni kabisa.

Na huo mguu usiuonee aibu. Kuna vifaa vya kushikilia kifundo ili kidole kisishuke, na mafundi wa viungo bandia wanavitengeneza hapa nchini; chuo kinachowafundisha, TATCOT, kiko Moshi pale KCMC. Kuna mama wa Oklahoma, Marekani, anaitwa Cheryl Hile. Ana MS na mguu unaoshuka kama wako. Amekimbia marathoni katika mabara yote 7 akiwa amevaa kifaa cha namna hiyo.

Sasa tuje kwa yule kaka wa Iringa, kwa sababu barua yako, mwanangu, naona imeandikwa kwa ajili yake.

Umeniambia unataka kilomita 10 kwa sababu ulikuwa mkimbiaji. Nakuamini kwamba ulikuwa mkimbiaji. Lakini wazo hilo halikukujia mlipokubaliana kukimbia pamoja, wala ulipokuwa mazoezini. Lilikujia baada ya kumwona mtu akishika meza ili ainuke. Unachotafuta kwenye kilomita 10 ni mahali ambapo hutakuwa karibu na ile fimbo. Sikulaumu hata kidogo. Uliona kitu ambacho ulikuwa umekikwepa tangu siku ya MRI, na ulikiona kwa mtu anayekukaribia umri, mwenye jina la ugonjwa lile lile. Kulia mpaka Makambako ni haki yako.

Ila umesoma fimbo yake kama tangazo la maisha yako, na hapo ndipo umekosea njia. MS haimchukui kila mtu kwa njia moja. Karibu watu 85 katika 100 huanza nao kama ulivyoanza wewe, unakuja na kuondoka. Waliobaki huanza nao ukipanda polepole bila kupumzika, na hao miguu mara nyingi ndiyo inayotangulia kuumia. Wanaume, ingawa wanaupata kwa uchache kuliko wanawake, mara nyingi unawaelemea haraka zaidi. Tena kuna suala la lini mtu alianza dawa. Dawa ya kwanza kabisa ya kupunguza mashambulizi ya MS iliruhusiwa Marekani mwaka 1993 tu, na hiyo unayowekewa wewe, rituximab, iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya MS mwaka 2023. Huenda mwenzako alikaa miaka bila chochote. Huenda ugonjwa wake ni wa aina ile nyingine. Hujui, kwa sababu hukumuuliza. Ulimpa mkono, ukatabasamu, ukakimbilia basi.

Sisemi kwamba hutakuja kushika fimbo. Sina uwezo wa kukuahidi hilo na daktari wako hana. Nasema yule ni mtu, ana habari zake, na wewe umemfanya kioo kabla hujamjua.

Kwa hiyo jiandikishe kilomita 5. Sababu yangu ya kwanza ni ya mwili: mtu anayefika kilomita 4 mguu ukiburuza tangu ya tatu hana kazi na kilomita 10 mwezi Mei. Zitakuwepo mbio nyingine, na ukifika huko kwa mazoezi ya taratibu nitakuwa wa kwanza kufurahi. Sababu ya pili ni ahadi. Wewe ndiye uliyesema twendeni. Binti wa Njombe na mama wa Tunduma wameanza kutoka asubuhi kwa sababu mwalimu aliyewahi kukimbia alisema inawezekana. Wakikuona umehamia mbio nyingine na hukuwaambia, kila mmoja atajua sababu, na yule mwenye fimbo atakuwa wa kwanza kuijua. Watu wanaotazamwa kila siku barabarani wanatambua upesi nani anawakwepa.

Hilo halina maana kwamba utembee nyuma yake kilomita 5 nzima ukijivuta. Hapo ndipo makundi mengi ya namna yenu yanapoharibu: wanasema "tutakimbia pamoja", hakuna anayesema pamoja maana yake nini, na siku yenyewe mwenye kasi ananung'unika moyoni na mwenye pole anajiona mzigo. Mpigie yule kaka. Usimwandikie kwenye kundi, mpigie. Mwulize anataka siku hiyo iweje kwake. Anaweza kutaka msindikizaji mmoja aende naye mwanzo mwisho. Anaweza kukuambia kabisa kwamba hataki mtu wa kumsubiri, na kwamba ukimsubiri unamtia aibu. Anaweza kuwa amepanga kutembea kilomita mbili akapumzike. Chochote atakachosema ndicho mpango wenu ujengwe juu yake.

Kama mngeniuliza mimi, ningesema muanze mstari mmoja, kila mtu aende mwendo wake, kila mmoja awe na mtu mzima wa afya pembeni yake, na mchague mahali kabla ya uwanja ambapo waliotangulia watasimama kivulini wakinywa maji mpaka wa mwisho afike, kisha muingie Uwanja wa Sokoine wote. Lakini jihadhari na kitu kimoja: mtu mwenye MS akisimama ghafla baada ya kukimbia, miguu inaweza kumwishia nguvu palepale. Kulikuwa na msichana wa sekondari huko North Carolina, Kayla Montgomery, aliyegunduliwa na MS akiwa na miaka 15 na mwaka 2014 akashinda ubingwa wa jimbo wa mita 3200. Akikimbia miguu ilikufa ganzi, na akivuka mstari tu alianguka. Kocha wake alisimama kila mara mwishoni kumdaka. Hawakuliacha litokee lenyewe. Walilipanga, na kila mtu alijua nani anasimama wapi. Nanyi pangeni hivyo, pale mtakapokutana na pale mstari wa mwisho. Muamue mapema pia nani ana ruhusa ya kumwambia mwenzake "basi, imetosha", na mkubali kwamba akisema hamna mabishano. Mdogo wako wa kiume anafaa kuwa wako.

Mama usimpe kazi hiyo, atakusimamisha kabla hujafika kona ya kwanza. Lakini mpe kazi. Mama anayeachwa nyumbani na hofu yake siku kama ile anaumwa kuliko mkimbiaji. Mwombe akae sehemu moja ya njia, labda kilomita ya tatu pale mguu wako unapoanza, na ndoo ya maji ya barafu na khanga mbili amezilowesha humo. Utakapopita akutupie moja shingoni. Kabla ya siku hiyo mpeleke uwanja wa shule asubuhi moja yenye baridi akuone ukikimbia na kutembea, kukimbia na kutembea, akuone unarudi na macho yote mawili. Maneno yangu hayatamtuliza kama asubuhi hiyo. Raba zako mwombe mwenyewe akupe. Usizitafute kwa kuvizia akiwa kanisani au sokoni, maana akigundua atajua kwamba hofu yake imepuuzwa, na hapo mtaanza upya.

Na hao majirani watakaosema mwalimu amelewa: MS inayumbisha mwendo, ni kweli, na watu wengi wenye ugonjwa huu wamewahi kuitwa walevi. Mama ajue jibu lake kabla hajaulizwa. "Ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu, anatibiwa." Inatosha. Maelezo marefu yanawapa watu cha kuchambua. Nalo lile la kurogwa litapungua siku watakapokuona na wenzako wanne kutoka mikoa minne wenye ugonjwa ule ule, maana ni vigumu kumpata mchawi mmoja aliyepita Njombe, Tunduma, Iringa na Dar es Salaam.

Fulana. Hakuna mtu mwenye haki ya kukudai uivae, hata wenzako. Lakini fikiri hivi. Duniani watu wenye MS ni zaidi ya milioni 2.8, na kati yao wanawake ni angalau mara mbili ya wanaume. Huku kwetu ugonjwa huu hauonekani sana kwa sababu ili uthibitishwe unahitaji MRI na mtu wa kuisoma, na mashine hizo ziko mbali na watu wengi. Wewe mwenyewe ulipewa miwani, ukachomwa sindano za mgongo, ukapelekwa kwa mganga. Siku ile uwanjani kutakuwa na mtu ambaye jicho lilimfifia mwaka jana na sasa ana ganzi miguuni, na hajui kwamba mambo hayo mawili yanaweza kuwa na mzizi mmoja. Akisoma mgongoni kwako, atauliza. Kama siku hiyo moyo hautakuwa tayari, vaa fulana ya kawaida, ukimbie nao tu.

Ila kama utaivaa, shule ijue kabla. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ulemavu, na ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inasema hivyo. Usiingie ofisini na sheria mkononi, lakini ujue ipo nyuma yako. Pata barua ya daktari inayoeleza ugonjwa na mambo mawili matatu unayohitaji: vipindi vyako viwe asubuhi kabla uchovu haujakushika, usipangiwe zamu ya kusimama juani, na siku za dripu zijulikane mapema. "Tatizo la mgongo" halikupi hata kimoja katika hivyo. Peleka barua hiyo wiki kadhaa kabla ya mbio, ukae na mkuu wa shule mlango umefungwa, asikie kutoka kwako mwenyewe kabla hajaiona picha yako kwenye simu ya mwalimu mwingine.